Mwalimu Aliyetuandika

Kati ya walimu wa upande wetu, kuanzia Kilifi mjini hadi Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, ni wachache waliojua jina lake kamili. Tulimwita Mwalimu wa Habari, naye akaitika. Alikuwa na chumba chake kwenye ofisi ya elimu, cha mwisho kabisa, kilichopakana na stoo ya madawati mabovu. Kila muhula alitoa karatasi moja iliyochapishwa pande mbili, yenye habari za walimu: nani amepandishwa cheo, kwaya ya nani imeshinda, nani amerudi chuoni na umri wake na akahitimu, nani amestaafu, nani amefariki. Karatasi hiyo ilifika shuleni pamoja na nyaraka nyingine za ofisi, ikabandikwa kwenye ukuta wa chumba cha walimu, ikakaa hapo mpaka nyingine ije.

Nilimfahamu kwa miaka kumi na minane. Katika miaka hiyo yote sikumbuki kumwona akila na mtu, isipokuwa mtu mmoja, ambaye nitamtaja.

Mara ya kwanza kumwona nilikuwa na barua ya kuacha kazi ndani ya mkoba. Mimi ni mzaliwa wa Malindi mjini, nikapelekwa kufundisha darasa la nne katika shule iliyokuwa nje kidogo ya Gongoni. Watoto wengi walikuwa wa vibarua wa chumvi. Upepo ulikuwa unaingia darasani na vumbi jeupe, midomo ikapasuka, chaki ikawa na ladha. Shangazi yangu alikuwa na duka la vitambaa Mombasa na alishanitengea kiti. Nilikuwa nasubiri tu mwisho wa mwezi.

Alikuja kwa pikipiki, suruali imekuwa nyeupe kuanzia magotini kwenda chini. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Endelea na somo. Mimi sipo."

Akakaa dawati la nyuma, magoti yamemfika kifuani. Somo lilipokwisha alinieleza kilichomleta. Alikuwa amesikia kwamba watoto wangu wanawaandikia wazazi wao barua kila Ijumaa, kisha wanakwenda kuwasomea nyumbani, kwa kuwa wazazi wengine hawakusoma. Ni kweli nilikuwa nikifanya hivyo. Sikuwa na vitabu vya kutosha, na barua hazihitaji kitabu.

"Nani ameona?" akaniuliza.

"Ameona nini?"

"Mtoto akimsomea mzazi. Wewe umeona?"

Nikasema sijaona, nimeambiwa na watoto. Alitikisa kichwa, akaomba aonyeshwe nyumba ya mwanafunzi yeyote nitakayemchagua. Nilimtajia msichana mmoja aliyekuwa akikaa na mamake karibu na barabara ya chumvi. Alikwenda kwa miguu. Alirudi jua limeshapinda, akanikuta nafunga darasa.

"Nimeona," akasema. Akataka majina yangu matatu, akaniomba nimtajie la mwisho herufi moja moja, akaandika, akapanda pikipiki akaondoka. Hakuniambia hongera wala pole.

Muhula uliofuata karatasi ilipokuja, mwalimu mkuu aliileta darasani mwenyewe. Ilisema hivi, nami naikumbuka mpaka leo: "Ijumaa mwalimu huyu huwapa watoto barua badala ya kazi ya nyumbani. Siku niliyokwenda, mama mmoja aliacha kuosha vyombo ili amsikilize binti yake. Barua ilikwisha, mama akaomba isomwe tena. Mwalimu hakuwapo kuyaona haya, kwa hivyo namwambia hapa."

Nilimpelekea mamangu nakala Malindi. Aliitia ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka pamoja na vyeti vya ardhi. Ile barua ya kuacha kazi sikuipeleka. Shangazi alinuna mwaka mzima.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya kazi. Hakutaka kuambiwa kwa simu, hakutaka fomu za ofisi zenye nafasi ya kujaza sifa. Alikuwa hapendi neno bora. Ukimwambia mwalimu fulani ni bora, atakuuliza: "Bora kuliko nani? Wote umewaona?" Alitaka kujua mtu amefanya nini, siku gani, mbele ya nani. Wengine walimwona msumbufu. Mwalimu mmoja wa hesabu kule Kibarani alimtoa darasani kwa sababu alidhani ni mkaguzi. Yeye akakaa nje chini ya dirisha, akasikiliza, akaandika habari nzuri ambayo ilimtia yule mwalimu haya kwa muda mrefu.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Tezo aliyefundisha darasa la kwanza tangu alipoajiriwa mpaka alipostaafu. Hakuwahi kupandishwa cheo wala kupewa cheti. Mwalimu wa Habari alikaa naye wiki nzima ya mwisho. Aliandika kwamba bibi yule alimjua mtoto aliyekuja bila kula kwa namna alivyoshika penseli, na kwamba huwatuma watoto hao jikoni na ujumbe wa uongo kwa mpishi, ili wenzao wasijue wanakwenda kupewa uji. Watu walilia waliposoma. Bibi mwenyewe alikuja ofisini kulalamika.

"Umeandika mimi ni mkali," akasema.

Mwalimu akafungua daftari lake. "Jumatatu ulimfokea mzazi. Jumanne ukamfokea mtu wa maji. Jumatano ukanifokea mimi."

"Kwani hukustahili?"

"Nilistahili."

Bibi akachukua nakala tano, akaenda zake.

Lakini ana kwa ana hakuwa na neno. Hili watu hawakulielewa, nami ilinichukua muda kulizoea. Angekuandika ukasomwa kutoka Mnarani hadi Marereni, kisha akutane nawe sokoni apite kama hakujui, au akuulize kama barabara ya kwenu imetengenezwa. Kwenye sherehe za walimu alisimama karibu na mlango. Walimu wa kike walipomvuta aje acheze alisema yuko kazini. Sahani yake ya pilau aliila amekaa kwenye ngazi, daftari kwenye paja. Katika picha zote za sherehe hizo, na nyingine ninazo, yeye hayupo, maana kamera alikuwa ameishika yeye.

Nyumbani kwake palikuwa Kibarani, nyumba ya vyumba viwili ya kupanga. Mkewe aliondoka mapema akarudi kwao Kaloleni na binti yao mdogo. Sababu sikuwahi kuijua, na yeye si mtu wa kuulizwa. Binti alikua akawa mwalimu, na kwa bahati akaletwa kufundisha eneo letu hili hili. Alikaa kwetu miaka miwili. Mwaka wa pili wanafunzi wake waliigiza mchezo waliouandika wenyewe na wakafika mbali nao kwenye mashindano. Sote tulisubiri karatasi. Karatasi ikaja, na jina la binti yake halimo.

Nilikwenda kumwona nikiwa na hasira, ingawa halikuwa jambo langu.

"Mchezo ule hukuuona?" nikamuuliza.

"Nimeuona. Nimeuona mara tatu."

"Basi mbona hukuandika?"

"Mimi ni babake. Nikisema nimeona, nani ataniamini? Watasema nimempendelea."

"Yeye mwenyewe je? Umemwambia?"

Alikuwa akipanga karatasi zake, akaendelea kuzipanga. "Yeye anasoma karatasi," akasema. "Anajua ninavyofanya kazi. Ataelewa."

Sijui kama alielewa. Muhula uliofuata aliomba uhamisho akaenda Taita, na sikumsikia baba akimtaja tena.

Yule mtu mmoja aliyekula naye alikuwa Mwalimu Katana, mwalimu mkuu wa shule moja ya upande wa bara. Walikuwa tofauti kwa kila jambo. Katana alikuwa mnene, mcheshi, sauti yake ikimtangulia. Kila Jumamosi asubuhi walikutana mjini Kilifi kwenye mkahawa mmoja karibu na stendi, wakanywa chai na mahamri na mbaazi. Katana alizungumza, mwenzake akasikiliza, na wakati mwingine tuliopita pale tulimwona Mwalimu wa Habari akicheka mpaka anafuta macho. Hatukuwahi kuona hilo mahali pengine.

Alikuwa amemwandika Katana mara nyingi, na kila mara kwa haki. Katana aliifikishia shule yake maji. Katana alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuwarudisha wasichana walioachishwa masomo, akakaa na wazee, akala wanachokula, akabembeleza mpaka wamtoe mtoto. Hayo Mwalimu aliyaona kwa macho yake.

Kisha ukaja mwaka ambao shule ya Katana, iliyokuwa ikishika mkia, ilitokea juu kabisa katika mtihani wa darasa la nane. Ofisi nzima ilifurahi. Afisa wa elimu wa wakati huo alitaka karatasi ya muhula huo iwe ya Katana peke yake, na picha kubwa. Mwalimu wa Habari alikwenda kule kama kawaida yake. Alikaa siku mbili. Aliporudi alimwambia afisa kwamba hataiandika habari hiyo.

Nilikuwapo siku Katana alipokuja. Nilikuwa nimeleta fomu za uhamisho wangu, nikawa nimekaa kwenye benchi la nje ya kile chumba cha mwisho, mlango uko wazi. Katana hakuniona, au aliniona akapuuza.

"Wewe ni rafiki yangu au si rafiki yangu?"

"Ni rafiki yako."

"Basi andika."

"Nimewauliza watoto, Katana. Wameniambia bila hata kuogopa. Walidhani kila shule inapewa majibu."

Nilisikia kiti kikivutwa. Aliporudi kuzungumza sauti yake ilikuwa imeshuka. "Unajua walivyokuwa wakitucheka kwenye mikutano? Unajua wazazi walikuwa wakiwahamisha watoto? Ningewarudisha vipi wale wasichana kwenye shule ambayo haifaulu?"

"Najua."

"Umemwambia afisa?"

"Sikumwambia kitu. Nimemwambia tu sitaandika."

"Hilo ni lile lile."

Katana alitoka akapita mbele yangu, shati limemganda mgongoni. Jumamosi ile hakwenda mkahawani, wala nyingine iliyofuata. Mwenzake alikwenda. Alikwenda kwa miezi, akaagiza chai ya watu wawili, kisha ya mmoja, kisha akaacha.

Wakaguzi walikuja baadaye kutoka juu, kwa njia zao wenyewe. Matokeo yakafutwa. Katana akavuliwa cheo akapelekwa kuwa mwalimu wa kawaida mbali na kwao. Na ikaenea kwamba Mwalimu wa Habari ndiye aliyemuuza rafiki yake. Nilisikia ikisemwa kwenye vyumba vya walimu, kwenye mazishi, kwenye foleni ya benki. Mimi nilijua hakumuuza, maana niliyasikia yote pale kwenye benchi. Lakini fomu zangu za uhamisho zilikuwa juu ya meza ya afisa, na afisa alikuwa amekasirika kwa kunyimwa karatasi yake. Nikanyamaza. Uhamisho ukapita, nikarudi Malindi.

Yeye hakujitetea. Ofisi ilimrudisha darasani, kufundisha Kiswahili, na karatasi ikakoma. Baada ya muda likaja kundi la wasapu la walimu wa eneo zima, na kila mtu akawa anajitangaza mwenyewe. Leo mtu yuko na suti amepokea cheti, kesho mwingine amesimama na kombe, na chini yake hongera mia moja zinazofanana. Naye aliingizwa kundini. Alikaa kimya karibu mwaka mzima. Siku moja mwalimu mkuu mmoja aliandika kwamba yeye ndiye aliyebadilisha maisha ya kila mtoto wa shule yake. Mwalimu wa Habari akamjibu kwa maneno mawili tu: "Nani ameona?" Kabla ya adhuhuri alikuwa ameondolewa kundini. Wengi walicheka. Nadhani nami nilicheka.

Alistaafu bila mtu kuandika. Nilipata habari wiki mbili baadaye kutoka kwa karani wa shule yake, aliyeniambia kwamba siku ya mwisho Mwalimu alisahihisha madaftari yote, akayapanga, akafunga dirisha, akaenda nyumbani. Nilisema nitakwenda kumtazama. Kutoka Malindi hadi Kilifi si safari. Nilikuwa nimeshakuwa naibu, kisha nikawa mwalimu mkuu, na kila likizo ilikuwa na sababu yake. Ikapita miaka minne.

Mwaka huu Katana amefariki. Habari ililetwa kundini asubuhi ya Jumamosi, na nilipokuwa naisoma nikafahamu kwamba kuna mtu mmoja ambaye hataipata. Nikavaa buibui langu nikaondoka.

Nilimkuta amekaa mlangoni, kichwa kimegeuzwa upande, anasikiliza watu wa nyumba ya jirani wakizungumza. Macho yalikuwa yamefifia. Daktari alimwambia ni presha ya macho na kwamba alichelewa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani?"

Nikamwambia.

"Ahaa. Karibu. Umepata shule nzuri?"

Nilimwambia nimepata. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, maana kiti kilikuwa kimoja. Sikujua njia nyepesi ya kulisema jambo lile, nikalisema tu. Akauliza ilikuwa lini, na alikuwa na nani. Nikamwambia ni jana alfajiri, alikuwa na mkewe, na amekufa nyumbani kwake.

"Wameandika nini?"

Nikamsomea. Tumempoteza shujaa, nguzo ya elimu, kiongozi asiye na mfano.

"Huyo si Katana," akasema. "Hayo unaweza kumwandikia mtu yeyote. Unaweza kuandika kwenye simu hiyo?"

"Naweza."

Akasema nami nikaandika. Alisema polepole, bila kurudia, kama mtu aliyeyapanga zamani. Alisema habari ya maji, na kwamba siku bomba lilipofunguliwa Katana alivua viatu akasimama kwenye tope na watoto. Alitaja wasichana kumi na mmoja kwa majina yao na vijiji vyao, na usiku aliolala kwenye ua wa mzee mmoja kwa sababu mzee alikataa kumsikiliza mpaka kupambazuke. Alisema wawili kati ya hao sasa ni wauguzi. Alisema Katana alicheka kwa sauti kubwa mno na kwamba mbaazi alizila kwa kijiko. Akaishia hapo. Nikasubiri.

"Na ule mwaka wa mtihani?" nikauliza.

"Niliukataa wakati ule. Siuandiki sasa."

"Wewe hufichi kitu, Mwalimu."

"Sifichi. Huo kila mtu anaujua. Haya mengine ndiyo wameyasahau."

Nilitazama chini. Nilimwambia kwamba siku Katana alipokuja ofisini mimi nilikuwa kwenye benchi, nikasikia kila neno, na waliposema amemuuza rafiki yake sikufungua mdomo.

"Najua," akasema. "Nilikuona umekaa pale. Ulikuwa na fomu."

"Mbona hukunitaja nikutolee ushahidi?"

"Ulikuwa unataka kurudi kwenu." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Tena wewe hukuwa peke yako. Kwenda kwa Katana kumwambia sikumsemea kwa wakaguzi, hata mimi niliogopa. Nikasema atakuja mwenyewe. Haya, ipeleke hiyo."

Nikaituma kundini. Chini nikaongeza, bila kumwambia, kwamba yameandikwa na Mwalimu wa Habari, niko naye hapa Kibarani. Majibu yakaanza kuingia. Akaniuliza wanasema nini, nikamsomea. Pole kwa familia. Pole sana. Mungu ailaze roho yake pema. Kila jina nililosoma aliuliza sasa anafundisha wapi, na ana watoto wangapi darasani. Mmoja aliandika kwamba yeye ni mdogo wa mmojawapo wa wale wasichana kumi na mmoja. Hilo aliniomba nilisome mara mbili.

Kisha simu ikatulia. Hakuna aliyemtaja yeye. Hakuna aliyesema mpe salamu. Ningeweza kubuni moja, nikaitia jina la mwalimu yeyote wa Tezo, na angefurahi, na asingekuwa na njia ya kuhakikisha. Nilifungua mdomo kabisa. Nikaufunga.

"Kuna mwingine?" akauliza.

"Bado, Mwalimu."

"Subiri kidogo," akasema. "Mtandao wa huku huwa unachelewa."

Akaisogelea simu, nami nikaishika katikati yetu, tukasubiri.